Mkanda Hukazwa Mara Tatu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtu aliyewafundisha farasi wachanga kubeba binadamu. Kwa miaka thelathini na mmoja hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Tulimwita Mzee Taratibu. Juma lililopita tulimzika.

Jina hilo alipewa na mkewe. "Hata mkanda wa suruali alikuwa anaukaza mara tatu," mama huyo aliniambia. Alicheka, kisha akafunika uso kwa mikono.

Farasi ambaye hajawahi kutandikwa huogopa kubanwa tumbo. Kwa hiyo ule mkanda wa tandiko unaopita chini ya tumbo, Mzee Taratibu aliukaza tundu moja tu, akamtembeza farasi mzunguko mmoja wa ua. Tundu la pili, mzunguko mwingine. Kisha la tatu. Halafu aliweka kiganja shingoni mwa farasi na kuomba: "Mungu, sisi wawili ni viumbe vyako. Tujalie kuvumiliana." Ndipo alipopanda.

Mara tatu, wasikilizaji. Mizunguko mitatu.

Binti yake wa pekee alifanya kazi naye miaka tisa. Akiharakisha, baba alimtania: "Mama, unakimbilia wapi? Harusi yako ni leo?"

Siku ile mwenye farasi alikuja na mnunuzi. Walitaka kumwona jike mmoja mwekundu akipandwa kwa mara ya kwanza. Mwenye farasi akatazama saa.

"Mzee, leo tutalala hapa?"

Mnunuzi akacheka. Mzee Taratibu akavuta mkanda kwa mkupuo mmoja mpaka tundu la tatu. Hakumtembeza. Akapanda.

Binti ndiye aliyeshika kamba. Aliona. "Nilifungua mdomo, nikaufunga," anasema. "Nitamsahihishaje baba mbele ya wageni?"

Jike aliruka kabla mzee hajakaa sawa. Alimtupa kwenye uzio wa mbao. Mzee alivunjika mbavu na nyonga. Aliishi siku tatu.

Siku ya pili, wodini, alimwuliza binti yake: "Uliona?"

"Niliona, baba."

"Mbona hukusema?"

"Wageni walikuwepo."

"Ningekukasirikia sana, mama. Lakini ningekuwa mzima." Kisha akasema, "Nenda uwaambie wasimuue yule jike. Kosa ni langu."

Binti alikwenda mbio. Alikuta banda liko wazi na sakafu imekwisha kumwagiwa maji. Jike alikuwa amepigwa risasi asubuhi ile.

Aliporudi wodini, baba aliuliza, "Wamekubali?"

"Wamekubali, baba."

Mzee akamshukuru Mungu, akalala. Hakuzungumza tena. Binti ameniomba niseme ukweli huo hapa, kwa kuwa yeye hakuweza kumwambia.

Jana nilimkuta uani na farasi mwingine. Alikuwa anahesabu kwa sauti: "Tundu la kwanza." Akatembea naye mzunguko mzima, machozi yakimtoka.

Kwako mama mjane, na kwako binti, tunawapa pole. Mungu awashike mkono, na ampokee mzee wetu.

Nasi tuliobaki tujichunguze. Yupo mkubwa unayempenda, ambaye leo anaruka hatua aliyokufundisha yeye mwenyewe. Wageni wapo, wanatazama. Sema. Mwache akukasirikie.