Bi Tone Aliyelifundisha Gari la Spoti Kunywa kwa Kiasi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu karakana yetu itamuaga mtumishi aliyeingia humu akiwa msichana wa kusuka mikia miwili, na anayetoka akiwa bibi mwenye wajukuu. Kwa miaka thelathini na miwili amekaa katika chumba cha mwisho, chenye mlango wa bluu, akifanya kazi ambayo wengi wetu hatukuijali mpaka siku magari yetu wenyewe yalipoanza kula mafuta: kupima gari linakwenda umbali gani kwa lita moja, kisha kulisaidia liende mbali zaidi. Jina lake kamili wanalo watu wa mishahara. Sisi tunamwita Bi Tone, na limemganda hata nje ya geti. Mumewe mwenyewe akipiga simu mapokezi huomba kuongea na Bi Tone.

Jina hilo alilipata mwezi wake wa kwanza. Mkuu wa karakana wa wakati ule alimkuta amesimama kimya, ameshika faneli juu ya chupa ya kupimia, petroli imekwisha kumiminwa zamani. Akamuuliza anangoja nini. Akajibiwa kwa adabu kwamba kuna tone moja bado halijashuka. Mkuu alisimama naye mpaka likashuka, akatikisa kichwa, akaenda kusimulia karakana nzima.

Kabla ya kuja kwetu alimaliza chuo cha ufundi, kisha akafanya kazi katika kituo cha mafuta. Pale kila siku alisikia kesi ileile. Mwenye gari anasema pampu inamwibia, mwenye pampu anasema gari ni bovu, na gari halina mdomo wa kujitetea. Anasema alichoka kuona watu wazima wakitoleana macho kwa jambo linaloweza kupimwa. Ndiyo maana alipoona tangazo letu la kazi hakulala, akaja kabla geti halijafunguliwa.

Ukimwendea na malalamiko hakupi pole kwanza. Anakutuma ukajaze tangi mpaka juu, uendeshe siku zako kama kawaida, urudi pampu ileile, gari lisimame palepale lilipokuwa limesimama, ndipo ujaze tena na umletee kipimo. Ukirudi, hafungui boneti, anafungua buti. Mhasibu wetu alikutwa na giaboksi ya gari aliloliuza zamani, anaizungusha mjini kila siku kama abiria. Mimi niandikaye haya, fundi umeme wa chumba cha jirani, nilikutwa na betri nne zilizokufa. Alinitazama tu, akaniletea toroli.

Wapo waliodhani ni mkono wa birika, mtu wa kubania kila kitu. Hawamjui. Huyu ndiye anayewalipia chai mafundi wapya mpaka wapate mshahara wao wa kwanza, na ndiye aliyekaa hospitali na mke wangu siku mbili nilipokuwa safarini. Anachochukia ni kitu kupotea bure huku mwenyewe anaona.

Kati ya magari yote yaliyopita mikononi mwake, moja ndilo litakalosimuliwa hapa muda mrefu: lile jekundu la spoti, la viti viwili, la mdogo wake.

Mdogo wake huyo tunamwita Radi, jina alilopewa na mashabiki enzi akishindana. Alikuwa dereva wa mbio anayejulikana, kijana wa kucheka kwa sauti, na dada yake hakuwahi kwenda kumtazama hata siku moja. Alisema moyo wake hauwezi. Kisha kwenye kona moja ya kawaida tu gari lilipinduka. Radi alitoka hai, lakini bega lake la kulia liliungwa kwa vyuma, na daktari akamwambia wazi kwamba mashindano basi. Waliokuwa wakimdhamini walikuja kumpa pole mara moja, hawakuonekana tena. Akahamia kwa dada yake, katika chumba cha nyuma, akawa mtu wa kushika tama tangu asubuhi, pazia limefungwa.

Gari lenyewe tulilinyoosha bodi hapa karakana, likabaki uani limefunikwa turubai. Siku moja akaja muuza vipuri akitaka kulinunua ili alichanechane na kuuza kipande kimoja kimoja. Radi akakubali bila hata kubishana. Alisema gari lile linakunywa kama ngamia aliyevuka jangwa, hawezi kulifikisha hata kliniki ya bega na kurudi, la nini sasa? Nilikuwa nimesimama karibu Bi Tone alipomjibu.

“Nipe Jumamosi chache nilipime kwanza. Nikishindwa, uza, na mimi mwenyewe nitalisukuma mpaka kwenye lori lake.”

“Dada, unapima nini? Linakunywa, basi.”

“Linakunywa kiasi gani? Hujui. Na linakunywa kwa nini? Hujui. Utauzaje kitu usichokijua?”

Mkuu wa karakana alimruhusu atumie uwanja na vifaa siku za Jumamosi. Bi Tone akafunga chupa yake nene ya mistari kwenye fremu ya chuma nje ya dirisha la abiria, akaunga mpira wa mafuta kutoka kwenye chupa mpaka kwenye pampu ya injini, ili tangi likae kando na kila kinachonywewa kionekane kwa macho. Njia ya kupimia ilikuwa barabara iliyonyooka nyuma ya karakana, inayopita maghala mpaka kwenye mnara wa maji, kisha kurudi. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye makutano na kitambaa chekundu, nizuie malori yasiwakatishe. Dereva lazima awe Radi. Bi Tone alisema ukibadilisha dereva umebadilisha gari.

Kipimo cha kwanza kilitoka kilomita sita kwa lita, tena kasoro. Radi akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kata tamaa. Dada yake hakucheka. Akaandika kwa chaki ukutani, akavaa glavu.

Alichokuta kilimshangaza hata yeye. Breki ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa imeng’ang’ania tangu ajali, gari linakwenda huku linajizuia. Kabureta ilikuwa bado na matundu makubwa ya mashindano, inamwaga petroli kuliko injini inavyoweza kuichoma. Themostati, kidhibiti cha joto la injini, ilikuwa imetolewa, kama wanavyofanya wengi wa mbio wakihofia injini kuchemka, hivyo injini haikupata joto lake na ilikunywa kama iliyoamshwa sasa hivi. Nyuma kulikuwa na bawa pana la kulikandamiza gari chini kwenye kona za mwendo mkali; barabarani lilikuwa mzigo wa upepo tu. Hakurekebisha vyote kwa mpigo. Alitengeneza kimoja, akapima, kingine, akapima. Radi, ambaye Jumamosi ya kwanza alikaa juu ya tairi akipiga miayo, ya tatu alikuwa chini ya gari na mkono wake mzima, anadai apewe spana namba kumi na tatu na si kumi na nne.

Namba ukutani zikaanza kupanda. Ikabaki sehemu moja iliyokataa kutengenezwa, nayo ni mguu wa dereva.

Radi alikuwa akiondoka kama anafukuzwa na akisimama kama ameona ukuta. Bi Tone, kiti cha pembeni, jicho kwenye chupa, anamwambia apunguze. Anapunguza, anasahau, anakanyaga. Jumamosi hiyo niliona gari likisimama katikati ya barabara, mlango ukafunguliwa kwa nguvu, Radi akashuka.

“Hili gari halikuzaliwa kutembea kama jeneza!”

“Na wewe hukuzaliwa kulala mchana umefunga pazia!”

Akaanza kutembea kuja upande wangu, uso umekunjamana. Dada yake hakumfuata wala hakumwita. Alibaki amekaa, mlango wa dereva wazi. Radi alinifikia, akasimama, akageuka kutazama lile gari jekundu. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba akienda kasi hasikii kitu, ila akienda polepole anasikia kila kitu; anasikia bega, na anasikia ile siku. Nikamwambia akamwambie dada yake, si mimi.

Akarudi. Niliona ameinama dirishani wanaongea. Baadaye Bi Tone alinisimulia alivyomjibu. Alimwambia, “Basi tusikie wote wawili,” akamwomba aingie, na kwa mara ya kwanza akamwuliza ile siku ilikuwaje. Yeye alikuwa hajawahi kuuliza, kwa kuogopa. Walikwenda mpaka mnara wa maji na kurudi kwa mwendo wa baiskeli, Radi anasimulia, dada analia, na hakuna aliyeitazama chupa. Kipimo cha siku hiyo hakipo ukutani.

Tangu hapo mguu ukalainika. Radi alianza kusoma barabara mbali, akiachia mafuta mapema na kuliacha gari likimbie lenyewe, akipanda gia bila kuikemea injini. Kipaji cha mbio hakikupotea, kilipata kazi nyingine.

Kisha ikaja Jumamosi ya vifijo. Mvua ilikuwa inanukia na lori liliharibika nyuma yao walipokwisha pita, likaziba njia ya kurudi, hivyo walipima safari ya kwenda tu. Ikatoka kilomita kumi na mbili kwa lita! Mara mbili ya mwanzo! Tulishangilia kama watoto. Fundi wa rangi akapiga debe kama ngoma, mkuu akaagiza soda, Radi akampigia simu muuza vipuri papo hapo akamwambia biashara imekufa.

Bi Tone hakuwa akicheka. Alikuwa uani, anatazama turubai la gari likipepea kuelekea mnara wa maji. Alirudi ndani, akasubiri kelele zitulie, akasema kipimo hakifai. Upepo ulikuwa unawasukuma mgongoni. Bila safari ya kurudi, namba ile ni ya upepo na si ya gari.

Nakiri tulimchukia kwa dakika chache. Mkuu alimvuta kando akamsihi amwachie kijana furaha yake, nani atajua? Alijibu kwamba Radi atajua, siku atakapoishiwa mafuta njiani akiwa ameamini maneno ya dada yake. Alijua anachokiweka rehani: ndugu yake alikuwa ameanza tu kufungua pazia.

Wiki iliyofuata, siku tulivu, walipima kwenda na kurudi, mara tatu. Ikatoka tisa na nusu. Radi alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu.

“Tulianza na ngapi?” akauliza.

“Sita kasoro.”

“Na hii ni ya kweli?”

“Kwenda na kurudi.”

Akachukua chaki mkononi mwa dada yake, akaiandika mwenyewe, kubwa, akapiga mstari chini yake. Kisha akacheka, kile kicheko cha zamani cha kusikika mpaka mapokezi, ambacho wengi wetu tulikuwa tunakisikia kwa mara ya kwanza. Muuza vipuri alipopiga tena na bei nzuri zaidi, aliambiwa gari lina mwenyewe.

Baada ya hapo mkuu alimwajiri Radi awafundishe madereva wa wateja wetu kuendesha kwa mguu mwepesi. Wa kwanza walikuwa madereva wa magari ya mikate, wakafuata wa magari ya wagonjwa. Mpaka leo ni mwenzetu, na lile jekundu liko uani kila asubuhi. Bado linakunywa kuliko gari la kawaida, na Bi Tone hatakubali mtu aseme vinginevyo.

Chumba cha mlango wa bluu anakiacha kwa mabinti wawili aliowafunza mwenyewe, wakali wa vipimo kama yeye. Juzi wamenirudisha pampu mara mbili. Anasema atalala mpaka jua liingie chumbani, atawabembeleza wajukuu, na atajifunza kuogelea, jambo ambalo mumewe analiombea dua.

Wakati naandaa wasifu huu nilimwuliza Radi kama angependa kusema neno kwenye sherehe. Alikataa, akasema ataharibu shughuli kwa machozi. Aliomba kitu kimoja tu: yeye ndiye amrudishe dada yake nyumbani siku hiyo, na tuwafungulie geti la nyuma, la kuelekea mnara wa maji, maana anataka kumpitisha njia ndefu. Nilipomfikishia Bi Tone ombi hilo, alifuta miwani yake, akasema sawa, na apite ndefu kuliko zote anazozijua.

Bi Tone, dada yetu, asante kwa subira yako na kwa ukweli wako, hata ule uliotuuma. Nenda kwa amani, afya isikupungukie, na kila utakakokwenda ukute njia nyeupe na watu wa kukupokea.