Suruali Iliyopimika

Benchi letu liko kwenye kibaraza cha kinyozi, na kinyozi ni mimi, kwa hiyo hakuna neno la hapa linalonipita, hata nikiwa nimeshika kichwa cha mtu. Upande mmoja kuna fundi cherehani tunayemwita Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni, hata msibani anakwenda nayo. Jibu lake kwa kila mteja ni "njoo kesho". Upande wa pili anakaa Refa, aliyeacha kupuliza filimbi zamani ila kuhukumu hajaacha, na katikati yupo Mama Birika na kahawa yake. Jioni hiyo alikuja mpwa wangu, binti wa dada, tunayemwita Msomi kwa kuwa yuko chuoni, mwaka wa pili. Uso ulikuwa umemshuka. Somo la takwimu lilimwangusha, mwezi ujao anarudia mtihani, na akianguka tena chuo kinamrudisha nyumbani. Mwalimu wake alitaka aende kesho yake asubuhi akiwa na lengo.

– Si umwambie lengo lako ni kufaulu? nikasema.

– Nilimwambia, Mjomba. Akasema hiyo ni dua, si lengo. Anataka lengo linalopimika.

Futi akaweka kikombe chini. Neno hilo alilichukua kama lake.

– Linalopimika? Basi umefika penyewe, mwanangu. Kitu kikishapimika, kazi imekwisha. Mteja akisimama hapa, nikampima kiuno, paja na urefu, suruali tayari ipo. Kilichobaki ni uzi tu.

– Sasa takwimu niipime wapi, Fundi? Kiunoni?

– Pima kitabu. Ukishajua unene wake, hofu inakutoka.

Refa akaguna.

– Futi, acha kumpoteza mtoto wa watu. Lengo ni goli. Sikiliza, Msomi. Usilenge kufaulu, lenga kuwa mkuu wa chuo. Hata mpira ukigonga mwamba, unarudi na alama za kukutosha.

– Na ukitoka nje? akauliza Mama Birika.

– Anadai kona.

– Kona ya chuo?

– Ipo. Wenyewe hawapendi ijulikane.

Mama Birika akakung'uta majivu ya mkaa.

– Mimi naona alenge kuanguka. Akifaulu, amebahatika. Akianguka, lengo limetimia. Vyovyote vile, anarudi amefurahi.

Tulilitafuta kosa la wazo hilo, na naona haya kusema kwamba lilitusumbua. Mimi nikasema alenge usingizi, maana kichwa kilichopumzika ndicho kinachonyoleka vizuri. Mpwa wangu akanitazama kwa huruma.

– Basi nitamwambia naanza kusoma kesho.

– Hilo nalo ni lengo, akasema Refa.

– Nalisema tangu muhula uanze, Refa.

Safari hii hakuwa anatania. Utani ukanitoka. Nilimfikiria dada yangu, anavyomtaja binti huyu kila akisalimiana na mtu.

Ndipo akaja mwanamume mmoja mpole, viatu vyake vinang'aa kuliko suruali aliyovaa.

– Habari za jioni, jamani. Fundi, kesho asubuhi nina usaili. Suruali yangu imefika wapi?

Refa akatazama barabarani. Mama Birika akachungulia ndani ya birika. Mimi nikakumbuka kwamba mkasi wangu unahitaji kufutwa.

– Imepimika vizuri sana, akasema Futi polepole.

– Nakumbuka. Ulinipima mara mbili.

– Na kitambaa nimeshakikata. Haijashonwa tu.

Msomi akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu matokeo yatoke. Kisha akaacha ghafla, kama mtu aliyejiona kwenye kioo changu bila kutegemea.

– Fundi, ukianza sasa hivi, hadi kahawa ya birika hili inaisha utakuwa umefika wapi?

Futi akalitazama birika, akakitazama kitambaa.

– Mguu mmoja.

– Basi shona mguu mmoja. Na mimi nafanya swali moja.

Akatoa kitabu kwenye mkoba, akakaa kando ya cherehani. Mashine ikaanza kuunguruma. Refa aliomba kikombe kingine akanyimwa, eti anaharakisha muda. Msomi akaandika, akafuta, akaandika tena huku akijing'ata mdomo. Kahawa ilipofika kwenye machicha, akainua kichwa.

– Limetoka.

– Na mwalimu utamwambia nini? nikamuuliza.

– Swali moja kila jioni, hapa hapa, kabla sijaonja kahawa. Mama Birika asinipe mpaka alione.

– Sikupi, akasema Mama Birika.

Moyo ukanitulia, na sioni aibu kusema nilijivuna.

Futi naye akainua mguu wa suruali, mshono umenyooka kabisa. Mteja akaupokea, akaugeuza ndani na nje.

– Mzuri. Na wa pili?

Futi akafumbua mdomo. Sote tuliliona lile neno lake likija. Akamtazama Msomi, akaufumba, akavuta kiti karibu na cherehani. Mama Birika akabandika birika jingine.