Risala ya Darasa la Jioni Kuhusu Swali la Themanini na Saba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Vibhakar Sahay. Maofisa mliofuatana naye. Bwana mpiga picha, ambaye tumeagizwa tumwachie nafasi. Mwalimu wetu Ganauri. Mama wakwe mliokubali kubaki na wajukuu, nanyi mliokataa, ndiyo maana wajukuu wako hapa: tunawasalimu kwa mikono miwili.

KUKARIBISHA

Mgeni rasmi, sisi wanafunzi wa Darasa la Jioni la Akina Mama, Dharampokhar, tuna furaha kubwa kukuona. Furaha hiyo ilianza Jumatatu, vijana wa ofisi yako walipokuja kupaka rangi ukuta mmoja, huu unaoutazama. Kuta nyingine tatu ziko nyuma yako na pembeni, zinangoja ugeuke. Tangu jana tuna feni pia. Tumeambiwa tutakuwa nayo mpaka utakapoondoka, kwa hiyo usione ajabu tukikuongezea chai.

Ofisi yako ilituletea na risala iliyokwisha kuandikwa, kurasa mbili. Tumeisoma. Haina kosa hata moja la tahajia, na inatushukuru vizuri kuliko tunavyoweza kujishukuru wenyewe. Tumeitunza mahali salama. Hii unayoisikia tumeiandika sisi.

HISTORIA

Darasa lilianza miaka minne iliyopita na wanawake watano. Mwalimu Ganauri alikuwa amestaafu posta. Mtihani wa kuingia utumishi wa serikali aliufanya mara zote alizoruhusiwa, akafeli mara zote kwa heshima, akaona elimu hiyo isipotee bure. Leo tuko kumi na wanane. Tunakutana saa kumi mpaka saa moja, baada ya kazi za nyumbani na kabla ya kazi za nyumbani.

Tunachosoma zaidi ni mipango ya serikali na matukio ya mwezi. Kila mpango tunaujua jina, mwaka ulioanza, wizara yake, na watu wanaonufaika. Wanaonufaika, mara nyingi, ni sisi. Tunashukuru sana kusoma, maana bila vitabu tusingejua.

Mwenzetu Lalmuni siku moja alikuwa jikoni kwake akikariri mpango wa maji ya bomba. Mama mkwe wake akamwuliza, "Hayo maji unayoyaimba yanafika lini?"

"Yalishafika mama, mwaka juzi. Kijiji chote."

"Basi shika ndoo, uyachote humo humo kitabuni. Mimi mgongo unaniuma."

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yetu makubwa tumeyasoma ukurasa wa thelathini na nne wa kijitabu cha matukio ya mwezi wa pili. Imeandikwa pale kwamba chini ya Mpango wa Mama Asome, kituo chetu hiki ndicho cha kwanza katika jimbo zima kukamilisha chumba cha kulelea watoto. Vitanda vidogo kumi. Mlezi aliyepata mafunzo. Maziwa ya moto kila saa kumi na nusu. Pana na picha ya mtoto mnene sana, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemzaa.

Habari hiyo tuliisoma tukiwa tumekaa hatua sita kutoka mlango wa chumba hicho. Lalmuni alikuwa amemfunga binti yake Jhuniya kwa upindo wa sari, ncha moja kiunoni kwa mtoto, ncha nyingine mguuni pa meza, ili mama asome. Jhuniya ana miezi kumi na minne. Wakati sisi tunashangaa ukurasa wa thelathini na nne, yeye alikuwa anautafuna wa thelathini na moja, wenye mpango wa lishe ya watoto. Kwa hiyo mpango huo nao umemfikia.

Lalmuni akainuka, akaenda kuchungulia kwenye ufa wa dirisha.

"Unaona vitanda?" tukamwuliza.

"Naona baiskeli."

"Ngapi?"

"Nyingi. Zina makaratasi bado."

Ni baiskeli za wasichana wa shule, Mheshimiwa, zile za ukurasa wa kumi na tisa, ambazo ziligawiwa zote na wasichana wakapiga makofi. Zimo. Tunakuhakikishia hazijaibwa hata moja, na hilo nalo tumeliweka katika mafanikio.

CHANGAMOTO

Risala ya ofisi yako inasema hatuna changamoto. Ni kweli, hatuna changamoto. Tuna swali.

Mwezi uliopita sote kumi na wanane tulifanya mtihani wa mchujo wa jimbo, ule wa Tume ya utumishi wa serikali. Swali la themanini na saba liliuliza hivi: ni kituo kipi cha kwanza jimboni kukamilisha chumba cha kulelea watoto chini ya Mpango wa Mama Asome? Jibu A lilikuwa Dharampokhar. B na C vilikuwa vituo vya wilaya nyingine. D: hakuna kati ya hivyo.

Lalmuni alilijua jibu. Asingeshindwa kulijua, ukurasa ule aliukariri mbele yetu bila kukosea koma. Akaweka kalamu juu ya duara la A. Akakumbuka asubuhi ile alivyomwacha Jhuniya kwa jirani, na alama nyekundu kiunoni kwa mtoto, pale sari inapokaza. Akasogeza kalamu mpaka D, akalijaza duara taratibu, lote, bila kutoka nje ya mstari.

Tulipotoka, pale getini, mwenzetu Nirupama, anayekaa naye meza moja, akamshika mkono. "Themanini na saba umejaza nini?"

"D."

"D? Dada, una wazimu?"

"Kalamu ilikataa A."

"Kalamu haijazaa. Mwenye mtoto wa kulisha ni wewe."

"Wewe je?"

"A. Sote A. Mle hatukuingia kutoa ushahidi, tuliingia kutafuta kazi."

Ni kweli, Mheshimiwa. Sisi kumi na saba tulijaza A, tukijua. Wiki mbili baadaye Tume ikatoa majibu ya muda: A. Tukajipigia hesabu wenyewe kwa alama ya kupita ya mwaka jana. Lalmuni amepungukiwa alama moja na nusu. Swali lile peke yake lingempa mbili, na kumrudishia theluthi mbili ya alama aliyokatwa kwa kukosea. Na mwezi wa nane anatimiza umri ambao Tume haimpokei tena mtu. Hii ndiyo mara yake ya mwisho.

Majibu ya muda mtu anaruhusiwa kuyapinga. Lalmuni akapanda basi la alfajiri mpaka mji mkuu wa jimbo, Jhuniya mgongoni, akafika dirishani kwa karani wa Tume.

"Pingamizi lina ushahidi?" karani akauliza.

"Mimi nasoma kwenye kituo hicho."

"Wewe ni mtahiniwa, mama. Mtahiniwa si chanzo."

"Nimepiga picha. Hizi."

Karani akazitazama. Si mtu mbaya, alimpa mtoto biskuti. "Hizi zinaonyesha kwamba kuna baiskeli. Hazionyeshi kwamba hakuna chumba."

"Sasa kitu ambacho hakipo nikipigeje picha?"

"Lete barua ya serikali yenye muhuri. Ya Mkuu wa Wilaya, kwa mfano." Alisema "kwa mfano" kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia ya kwenda mwezini. "Mwisho ni kesho kutwa saa kumi na moja jioni."

Hiyo ilikuwa jana. Kesho kutwa yake ni kesho.

Mgeni rasmi, tusikufiche kitu. Aliporudi jana jioni tuligombana humu ndani, mbele ya ukuta wako mpya. Kwa sababu Tume ikibadili jibu kuwa D, Lalmuni anapanda na sisi kumi na saba tunashuka. Wengi wetu haituhusu, tumefeli vizuri kwa maswali mengine. Lakini Nirupama amepita kwa alama moja tu. Jibu likibadilika, anabaki nje.

Mmoja wetu akasema tunyamaze, mgeni aje, ale ladu zetu za sukari, aondoke. Mwingine akasema Lalmuni alijitakia. Lalmuni akaanza kukusanya vitabu vyake. "Basi jamani, yaishe. Sikuja kumtoa mtu."

Nirupama akavirudisha vitabu mezani. Akasema, "Kaa chini, dada. Mimi nina miaka ishirini na sita, nimebakiwa na mitihani minne ya kufeli. Wewe una mwezi wa nane."

"Na mume wako utamwambia nini?"

"Nitamwambia nimefeli matukio ya mwezi, ataamini." Kisha akasema, "Na nikipita kwa swali hilo, siku moja nitakuwa ofisa, nitaletwa hapa kwa gari, nivalishwe maua, nikizindue chumba hiki mimi. Nitasimama wapi nisione baiskeli?"

Mwalimu Ganauri alitoka nje kuangalia mvua, na mvua haikuwepo.

OMBI

Mgeni rasmi, ombi letu ni moja. Hatuombi vitanda. Hatuombi mlezi wala maziwa. Hata feni ichukuliwe tu.

Mbele yako, pembeni ya sahani ya ladu, pana karatasi. Ina sentensi moja: kwamba leo umefika katika kituo cha Dharampokhar, umeingia katika chumba cha kulelea watoto, na hukukuta chumba cha kulelea watoto. Nirupama ndiye aliyeiandika, kwa sababu ana mwandiko mzuri kuliko sote.

Tunajua wiki ijayo unakwenda kupokea tuzo ya wilaya ya kwanza kwa mpango huu. Tumesoma, ni tukio la mwezi huu, na tumeshalikariri. Tunajua pia ripoti iliandikwa kabla hujahamia hapa. Wewe una wiki tano, huna lawama. Ila nawe umewahi kukaa kwenye chumba cha mtihani, saa imebana, mbele yako pana jibu unalojua linatakiwa na jibu unalojua ni la kweli. Hatujui siku ile ulijaza lipi. Hatutauliza.

Mlango uko hatua sita nyuma yako. Ufunguo anao karani wako, yule ambaye pengine sasa anatazama viatu vyake. Muhuri umo kwenye mkoba wa tarishi, tumeuona ukishushwa garini. Tunakuomba ufungue kwanza, usituamini sisi. Ukikuta vitanda kumi, ikate sentensi yetu, uandike yako, nasi tutakuomba radhi na kuwalaza watoto, maana wamechoka.

Mungu akupe afya na macho mazuri. Awape wanao mtu wa kuwashika pindi unapofanya kazi. Akufikishe salama kokote watakakokuhamishia baada ya leo, na huko akukutanishe na watu wasumbufu kama sisi.

Ni sisi,
Darasa la Jioni la Akina Mama, Dharampokhar.

Waliotia saini kwenye karatasi: kumi na wanane, wa kwanza Nirupama.
Mstari wa kumi na tisa tumeuacha wazi.