Tutalifikiria

Benchi lile la Osaka limekaa kati ya mashine ya kahawa za kopo na mlango wa nyuma wa kampuni ndogo ya gemu. Kampuni huendeshwa hapo, wakati wa mapumziko ya mchana; vikao vya ghorofani ni vya kupiga mihuri tu. Siku ile Kuramochi, dada anayejibu barua za wachezaji wa nje, alishika kopo lake bila kulifungua. Saa nane anatakiwa kwa mkurugenzi, na huenda asirudi na kazi yake. Kisa ni neno moja.

Mholanzi mwenye mkono mmoja alikuwa ameomba gemu yao mpya iweze kuchezwa kwa mkono mmoja. Wakubwa wakajibu kwa adabu: "Tutalifikiria kwa moyo mkunjufu." Osaka nzima inajua hiyo ni hapana iliyovaa tai. Kuramochi akaitafsiri kama ilivyo, Mholanzi akaisambaza mtandaoni, na Wazungu wakaisoma kama ilivyo. Kufikia asubuhi watu elfu arobaini walikuwa wanaishukuru kampuni kwa ahadi ambayo haikuitoa.

— Ulitakiwa uandike hapana, alisema Muhuri, mzee wa mauzo, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna karatasi iliyowahi kumpita ikabaki safi.

— Mzee, wewe mwenyewe umewahi kuandika hapana?

Muhuri akafikiri. Miaka thelathini na mbili, hajawahi.

Akahamia kwenye nyusi. Zamani, alieleza, shujaa wa gemu yao alichorwa akitabasamu kwenye kasha la kuuzwa Japani. Kwenye la Amerika wakamkunja nyusi, na jina la kampuni likapaa. Basi Kuramochi aombe radhi kwenye video akiwa amenuna.

— Nyusi zimepitwa, alisema Kopo, fundi wa programu aliyekuwa kwenye kopo la tatu. Mzungu hupenda anachonyimwa. Tuache kabisa kuwauzia. Mwaka mmoja tu, watatujengea sanamu.

— Ya nani?

— Ya dada hapa. Akifikiria.

Kuramochi hakucheka. Mkobani alikuwa na barua ya kuomba radhi, inayosubiri mihuri saba, wa kwanza ukiwa wa mzee Muhuri.

Hapo akafika mwanamke mpeleka vifurushi, mgeni pale, akitaka muhuri wa mapokezi. Muhuri akampigia kwa heshima zote. Mwanamke alikuwa amesikia mengi alipokuwa akipanga mizigo mlangoni.

— Samahani, wakubwa. Mlimkatalia kwa nini?

Muhuri akamtazama Kopo. Kopo akaitazama mashine, ambayo taa yake ya kahawa ilikuwa imegeuka nyekundu: zimekwisha.

— Kuhamisha vitufe ni kazi ya siku nne, alisema Kopo taratibu. Sikuulizwa.

— Tulikataa, alisema Muhuri, kwa sababu fomu ya kukubali hatuna.

— Na ya kukataa mnayo?

— Pia hatuna. Ndiyo maana tunafikiria.

Mwanamke akainama kidogo, akaenda zake. Saa nane kasorobo. Muhuri akanyoosha mkono, Kuramochi akampa barua ya radhi. Mzee akaigeuza nyuma, kwenye weupe, akagonga muhuri wake mwekundu chini kabisa, peke yake.

— Andika hapo juu. Mihuri sita iliyobaki nitaizungukia mwenyewe, na Kopo aanze zile siku nne.

— Niandike nini, mzee?

— Neno lako lilelile. Badilisha wakati tu.

Kuramochi akafungua kopo lake, la mwisho pale benchini, akanywa funda moja, akaandika: "Tumelifikiria."