Jiwe la Kamio ya Zéphirin

Mama Mukantwari alikuwa na mafiga mawili marefu na la tatu fupi, ndiyo sababu birika lake la kahawa lilikaa upande kama mulevi anayesikiliza misa. Pembeni ya birika kulikuwa benchi, na kwenye benchi watu watatu ambao Goma nzima iliwajua kwa majina yasiyo ya ubatizo. Muzee Twagirayezu aliitwa Avoka, ni kusema wakili, kwa kuwa alifagia tribinali miaka miwili. Honoré aliitwa Vitesi, ni kusema mbio, kwa kuwa alioshaka magari garajini. Adalbert aliitwa Biblia, kwa kuwa alikuwa nayo. Kuisoma ni habari ingine. Asubuhi ile salamu zilikuwa fupi. Kamio ya shoferi Zéphirin ilikuwa imelala garajini tangu juzi, ambreyaje imeungua, na patron, mwenye kamio, alisema saa sita ataandika ndani ya buku ya kazi ya Zéphirin: shoferi huyu anaharibu gari. Buku ikiisha kuandikwa vile, hakuna mutu atakayemupa ufunguo tena, tangu Goma mupaka Bunagana.

— Ambreyaje ni nini kwanza? akauliza Biblia.

— Ni sahani inayoshikanisha mashini na mapine ya magurudumu, akasema Vitesi. Ukikanyaga piedi, inaachia. Ukikanyaga nusu, inasuguana. Ukikaa na nusu sana, inanuka kama pembe ya ng'ombe motoni.

— Patron anasema Zéphirin anasinzia na muguu juu ya piedi.

— Uongo! Avoka akapiga goti lake. Wazee walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Basi muguu mumoja utachoma chuma namna gani?

Vitesi alicheka. Mama Mukantwari hakucheka; alipepea moto usiohitaji kupepewa.

— Mimi nasema ni barabara, Avoka akaendelea. Chini ya mawe yetu kuna moto wa mulima. Kamio ya Ulaya haikuzoea kutembea juu ya jiko.

— Hapana, Papa, akasema Vitesi. Waliiosha na maji ya ziwa la Lac Vert. Yale maji yamelala, hayaamuki. Chuma kikiyanywa, kinasahau kazi.

— Ni kabeji ilizobeba, akasema Biblia. Zilikatwa siku ya Mungu. Nilionja moja, ilikuwa chungu.

— Ulionja kabeji ya patron?

— Nilionja zambi, ndugu yangu.

Avoka akageuka.

— Mama, leo uko kimya. Wewe unayejua mupaka rangi ya shuka za padri!

— Kunywa kahawa, Muzee. Inapoa.

Kunyamaza kulimuuma Mama Mukantwari kuliko jino. Habari hii aliijua yote, na safari hii hakuambiwa na mutu. Kamio ile ilikatazwa kubeba watu, lakini kila siku ya soko Zéphirin aliwapandisha bure kwenye kilima cha Kalengera, yeye Mukantwari na hawa watatu, na magunia yao. Freni ya mukono ilikuwa imekufa zamani. Patron aliambiwa mara mbili, akajibu kwamba freni ya shoferi ni muguu wake. Basi wao wakipanda, Zéphirin alishikilia kamio mulimani kwa nusu ya piedi, mupaka mumoja wao aweke jiwe nyuma ya pine. Nauli yao ilikuwa ile tu: jiwe.

Juzi mvua ilinyesha. Wale watatu walikuwa wamekwisha kujifunika turubai, na kila mumoja alifikiri mwenzake ndiye ameweka jiwe. Na yeye Mukantwari alisimama chini ya mugomba, anamalizia na jirani yake Marie-Claire habari ya bibi-arusi wa Rutshuru aliyekimbia na mupiga ngoma. Zéphirin aliita: «Mama, muguu unachoka!» Akamujibu: «Kidogo tu, mwanangu, tunafika kwenye utamu.»

Halafu ile harufu.

— Jambo ba papa. Jambo mama.

Alikuwa Séraphine, bibi ya Zéphirin, hajawahi kufika kwenye benchi lile. Alibeba kitu kizito ndani ya kitambaa.

— Bwana yako anasema nini? akauliza Avoka.

— Hasemi. Wakimuuliza, anaangalia chini. Freni waliitengeneza jana, na leo patron anaivuta mbele ya kila mutu: munaona, inashika!

Akafungua kitambaa. Jiwe jeusi, limelika upande mumoja.

— Lilikutwa chini ya kiti chake. Patron anasema, shoferi mwenye freni nzima anatembea na jiwe la kazi gani? Ninyi ni rafiki zake. Jiwe hili ni la nini?

Avoka alitafuta methali, hakuipata. Vitesi alifunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Biblia aliangalia ndani ya kikombe. Kujibu ni kusema «nilikuwa ndani ya kamio», na nyuma ya neno lile kuna ofisi ya teritwari, ofisi ya serikali, na swali la karatasi ya njia, ile ruhusa ya kusafiri, ambayo hakuna mumoja wao aliyekuwa nayo.

Mama Mukantwari akafungua kinywa, kinywa ambacho hakijakosa hadithi hata siku moja.

— Kahawa imeisha, akasema.

Séraphine aliwaangalia mumoja mumoja. Akaliacha jiwe pale chini, akaenda. Kengele ya saa sita ikapiga.

Buku iliandikwa, na sasa Zéphirin anavunja mawe kwenye barabara ya Sake. Na birika la Mama Mukantwari halikai upande tena. Figa la tatu ni jeusi, limelika upande mumoja, na hakuna mutu wa benchi anayemuuliza alilitoa wapi.