Mama wa Kwenye Kitabu

Nawasalimu wote, wa mbele na hata nyinyi mliokimbilia viti vya nyuma. Ushuhuda wangu ukiwa mrefu, mnivumilie. Bado nimeshtuka.

Wamama wenzangu, mnajua mila yetu: msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Wangu alipewa jina la mama mkwe, na mimi na mama mkwe hatukuwa tunaelewana. Ndoa ilipovunjika pale Gitothua, nilibeba nguo zangu, msichana nikamwacha. Nilisema kwa hasira, "Huyu ana jina lenu, bakini naye." Alikuwa darasa la tatu. Nikahamia huku Murera, nikalima, nikaokoka, nikaimba kwaya nanyi, na sikurudi. Kwanza ilikuwa hasira, halafu ikawa aibu, na aibu haichoki haraka.

Juzi jirani yangu, yule husoma hata gazeti la kufungia nyama, akaniletea riwaya. "Huyu mwandishi si ni wa kwenu? Ni kitabu chake cha kwanza. Ni cha mama na mtoto waliotengana." Nikaangalia jalada. Jina la mama mkwe wangu, ambaye hakujua kusoma, liko pale kwa herufi kubwa. Nilikaa chini kando ya kibanda cha sungura.

Nilikisoma nikingoja matusi, na matusi nilistahili. Lakini nikafika mahali msichana wa kitabu yuko shule ya bweni, ni siku ya visiting, wazazi wamekuja kuona watoto, wamejaa kwa nyasi. Na mama yake anakuja. Amechelewa, viatu vina vumbi, amefunga chapati kwa leso, na msichana anakula huku akicheka. Muhula unaofuata, mama anakuja tena.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi hiyo shule sijui hata rangi ya geti yake. Nilifunga kitabu, nikakifungua tena nione kama nimesoma vibaya. Mtoto wangu alikaa kwa zile nyasi peke yake, akinitungia kuja.

Asubuhi nilipika chapati, nikazifunga kwa leso. Jirani akanisindikiza mpaka Kimbo, mahali jalada lilisema mwandishi anaishi, tukauliza madukani hadi tukaonyeshwa nyumba. Msichana wangu alifungua mwenyewe. Amefanana kabisa na shosho wake, yule mama mkwe wangu, na nilimpenda hivyo hivyo. Nikanyoosha ile leso.

"Umesoma mpaka wapi?" akaniuliza.

"Mpaka visiting."

Akakata kipande, akala akiwa amesimama mlangoni. "Ni ngumu," akasema. "Za kitabu zilikuwa laini."

"Nitajaribu tena."

"Jaribu Jumapili." Akafunga mlango polepole, lakini leso na chapati alibaki nazo.

Namshukuru Mungu, na jirani yangu, na marehemu mama mkwe, aliyemlea huyu mtoto akamsomesha mpaka akaandika. Hilo la mwisho limenitoka kwa shida, lakini limetoka. Na kama kuna mtu hapa aliacha mtoto mahali, usingoje hasira yake iishe. Pengine amechoka kukutungia safari. Nenda, hata kama umechelewa.

Sasa, Jumapili yenyewe ndiyo leo. Mnisamehe nikitoka kabla ya matangazo. Nimeacha unga wa chapati nyumbani, safari hii nimeukanda kwa maziwa.