Mzee Makadirio, Turbo na Ule Mlima

Ifikapo saa kumi na moja jioni ya tarehe 30 Juni, Mkuu wetu wa Mipango na Bajeti atakuwa amestaafu rasmi, baada ya kuitumikia kampuni hii ya mabasi kwa miaka thelathini na mitatu. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa hoja kwamba hakuna mfanyakazi mwingine aliyenyimwa vitu vingi na mstaafu huyu kama mimi. Hoja hiyo siipingi. Nimeomba feni ya stoo mpaka nimezoea jasho. Kwa hiyo mkikuta kijembe humu ndani, mjue ni kijembe cha mtu anayempenda.

Jina lililo kwenye kitambulisho chake halina kazi hapa karakana. Tunamwita Mzee Makadirio, na kabla hajawa mzee tulimwita Makadirio tu. Alianza akiwa karani wa mafuta, akishinda kwenye pampu ya uani na kalamu sikioni. Akapandishwa kuwa ofisa mipango, kisha akakalia kiti cha Mkuu, kiti ambacho leo mtu mwingine akikikalia anateleza, maana kimeshashika umbo la mwenyewe. Katika uongozi wake hakuna basi lililolala uani msimu wa mvua kwa kukosa tairi, na breki zilibadilishwa kabla hazijaanza kulia. Abiria wengi wamefika kwao salama bila kujua kuwa kuna mtu alikuwa akiwawazia.

Kupanga kwake hakukuishia ofisini. Kwenye harusi ya dereva wetu mmoja alimfuata mshereheshaji akitaka kujua mpango ukoje iwapo bwana harusi atachelewa. Bwana harusi alikuwa ameketi hapo hapo mbele yao. Alipopata mjukuu wa kwanza, aliwauliza wazazi kama walitenga fungu la dharura endapo wangekuja mapacha. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, tena mmoja, na alikuwa amelala.

Lakini kilichotunyoosha wote ni msimamo wake juu ya bajeti ya nyongeza. Mtu aliyeshapanga mwaka wake, kisha akagundua katikati ya safari kwamba kasahau kitu, hakuwa na pa kukimbilia. Mzee angekusikiliza kwa heshima zote, angekuuliza maswali ya maana, angetikisa kichwa kwa huruma, halafu angesema tutaliangalia mwaka ujao wa fedha. Feni yangu imeangaliwa miaka mingi sana.

Sasa tuje kwenye gari, maana najua wengi wenu mmeruka aya zote mkitafuta habari za gari.

Mzee ana gari dogo la milango minne analokuja nalo kazini kila siku, jua na mvua. Ni gari lenye adabu, ila injini yake fundi mkuu huiita cherehani. Kwenye barabara tambarare halina neno. Tatizo ni mlima. Mzee na mke wake, ambaye sisi watu wazima wa karakana tunamwita shemeji na vijana wanamwita mama, wamejenga nyumba ya kustaafia juu ya mlima ulio nje kidogo ya mji, na kila Jumapili wanakwenda kuiangalia. Kila Jumapili, wakifika kwenye duka lililo chini ya mlima, gari linaanza kuhema, shemeji anashuka, na gari linapanda na dereva peke yake. Shemeji anapanda kwa miguu. Mara nyingi anafika kwanza.

Kwa miaka yote alilichukulia jambo hilo kama utani. Mwaka huu hakucheka. Alimweleza mumewe kwamba wakihamia huko atakuwa akishuka kila siku, si Jumapili tu, na magoti yake nayo yanataka kustaafu. Hakuwa tayari kuteremshwa kwenye gari lake, chini ya mlima wake, kama gunia lililozidi. Ikiwa mpaka tarehe ya kustaafu gari halijaweza kumpandisha, yeye angebaki mjini kwa dada yake, na Mzee aende akakae mlimani na makadirio yake. Mzee alitusimulia haya wakati wa chai akijitahidi kutabasamu. Chai yake hakuimaliza.

Dawa aliijua siku nyingi, nayo ni turbo. Kwa wale ambao kazi zenu ni za kalamu, turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha ya kwanza, na ya pili inasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu, hapo cherehani inapata kifua. Mtu mwingine angenunua turbo, akaifunga, akapasua injini wiki hiyo hiyo. Mzee alianza miaka kadhaa iliyopita kwa kuuliza gari lenyewe litafanya kazi gani, na jibu akalibandika ukutani ofisini: liwake kila asubuhi, linywe petroli ya kawaida, lilale nyumbani kila usiku, lipande mlima na watu wawili. Hakuna mbio humo. Kisha akampa fundi mkuu injini aipime afya kama mgonjwa. Ilipoonekana nzima, akapanga kila kitu ambacho nguvu mpya ingekivunja, akakitanguliza kwenye foleni, akatenga na fungu la dharura. Turbo yenyewe akaiweka mwisho kabisa.

Ubaya wa kuiweka turbo mwisho ni kwamba kwa muda mrefu alikuwa na gari lenye maandalizi yote ya nguvu isipokuwa nguvu. Breki zilikuja kwanza, za gari kubwa mara mbili yake. Siku ya kwanza aligusa pedali kwenye mzunguko, na miwani ya fundi wa kuchomelea, aliyekuwa amepewa lifti, ikatua kwenye dashibodi bila mwenyewe. Ikafuata klachi ngumu. Mpwa wake aliazima gari siku moja akarudi anachechemea. Zikaja rejeta kubwa, pistoni imara na pampu ya mafuta. Kila hatua ilipangwa gari liingie kwenye shimo la mafundi asubuhi na litoke jioni, kwa sababu gari la kila siku halina ruhusa ya kulala karakana.

Halafu likafungwa bomba pana la ekzosi, na hapo mlinzi wa getini akapata shida zake. Asubuhi alisikia ngurumo kama ya lori la mchanga, akakimbia kufungua geti, akasimama wima. Hakuna gari. Akaenda kumimina chai, akainywa, akasuuza kikombe, akarudi, ndipo Mzee alipokuwa anakata kona. Mlinzi alikuja stoo kuniuliza kama gari linaweza kutanguliwa na sauti yake kiasi hicho. Nilimwambia la huyu linaweza.

Mwezi Mei ilikuwa imebaki turbo tu, na pesa yake ilikuwepo. Ndipo sisi tulipomharibia. Tulikubaliana kwamba zawadi yake ya kuagwa iwe hiyo turbo, na fundi mkuu, ambaye siri kwake haikai hata hadi saa ya chakula, akamnong'oneza. Mzee, kama mpangaji yeyote mwenye akili, akalifuta fungu la turbo na pesa akaipeleka kwenye tangi la maji la nyumba ya mlimani. Shemeji alilisifu sana lile tangi.

Kamati ya kununua zawadi ilikuwa na fundi mkuu, fundi wa kuchomelea na mimi. Sisi watatu tumeishi na mabasi maisha yetu yote. Ukitwambia tairi, tunaona tairi la basi. Ukitwambia taa, tunaona taa ya basi. Basi tukaenda kwa muuza vipuri, tukachagua turbo nzuri kuliko zote, tukaifunga utepe mwekundu, na tukaibeba watu wawili mpaka mezani kwa Mzee. Meza ililia.

Mzee aliipima kwa rula. Alitushukuru mmoja mmoja kwa mkono. Kisha alitupeleka uani, akafunua boneti, akatuonyesha nafasi iliyopo, na kwa upole kabisa akatueleza kwamba hata tungekata boneti, moshi wa injini ile usingetosha kuamsha feni kubwa namna hiyo. Gari la kila siku, alisema, linataka turbo ndogo inayoamka mapema. Hii yetu ingeamka gari likishafika kileleni, na lisingefika. Fundi mkuu aligeuka akawa anakagua tairi la basi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Muuza vipuri alikataa kurudisha pesa. Alichokubali ni kubadilishana na turbo ndogo iliyotoka kwenye gari la kusambazia mikate, pamoja na mabomba yake, rejeta ya kupozea hewa na kazi ya kurekebisha kompyuta ya gari, na sisi tuongeze juu. Nyongeza hiyo haikuwa kwenye fungu lolote. Fungu la dharura nalo lilikuwa limemezwa na gasketi ya injini iliyoungua. Kilichobaki chenye pesa hapa karakana kilikuwa mfuko wa sherehe hii, na ufunguo wa sanduku lake ulikuwa mfukoni mwangu.

Ndipo Jumatatu moja, karakana nzima ikishuhudia, Mzee Makadirio akaja stoo na ombi la bajeti ya nyongeza, nakala tatu.

Nilimkalisha kwenye kiti changu, ndani ya lile joto. Nilimsikiliza kwa heshima zote. Nilimuuliza maswali ya maana. Fundi wa kuchomelea alitikisa kichwa kwa huruma. Kisha nikamwambia tutaliangalia mwaka ujao wa fedha. Watu walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Siku ile nilikuwa nimeisubiri kuliko ninavyoisubiri pensheni.

Yeye hakucheka. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, siku ile ile anayostaafu. Kwake hakukuwa na mwaka ujao. Vicheko vikafa kimoja kimoja, na mimi, kwa kutojua pa kuweka uso, nikaichukua ile karatasi nijifanye naisoma. Sehemu zote alikuwa amezijaza kwa mwandiko wake ulionyooka, isipokuwa ile ya faida inayotarajiwa, ambayo aliiacha wazi. Nikamuuliza tuandike nini.

"Andika mke wangu asishuke," alisema.

Niliandika hivyo hivyo. Nikapiga mhuri wa stoo, ingawa mhuri wa stoo hauna mamlaka yoyote juu ya sherehe. Turubai likafutwa, na muziki wa kukodi ukafutwa. Ndiyo maana leo mmeketi ndani ya banda la matengenezo mkiangaliana na basi lisilo na injini, na keki mliyoiona mlangoni ina ghorofa moja. Mwenye malalamiko aniletee stoo, nitayaangalia kwa utaratibu unaojulikana.

Kazi ya kufunga ilifanywa mwisho wa juma. Gari lililala karakana kwa mara ya kwanza, na Mzee, aliyekuwa ameshaitengea siku hiyo nauli, alikwenda nyumbani kwa basi letu. Kondakta alikataa kumtoza. Mzee alikataa kuteremka mpaka apewe tiketi. Basi zima lilisubiri. Kesho yake fundi mkuu alimsihi waongeze presha ya turbo kidogo tu, aonje raha. Mzee alimjibu kwamba raha haimo kwenye makadirio, presha ibaki ndogo, injini idumu.

Jumapili iliyopita tulikwenda mlimani. Mzee alikuwa kwenye usukani, shemeji pembeni yake na mkoba mapajani, fundi mkuu na mimi kiti cha nyuma. Watu wanne hawakuwa kwenye mpango, lakini shemeji alisisitiza twende ili wawepo wa kusukuma.  Njia nzima Mzee alikuwa akichungulia kipimo cha joto la injini, mtu ambaye sijawahi kumwona na wasiwasi hata siku ya wakaguzi.

Tulipolikaribia lile duka, mwenye duka alikuwa ameshainuka kumsalimia shemeji kama kawaida, na mkono wa shemeji ukaenda wenyewe kwenye kitasa cha mlango. Mzee akakanyaga mafuta. Ukatoka mluzi mwembamba kwenye boneti, viti vikatusukuma mgongoni, na duka likabaki nyuma na mwenye duka kanyoosha mkono. Tulipanda na gia ya tatu, watu wazima wanne. Fundi mkuu alikuwa amenishika goti na sikumwambia aache.

Kule juu Mzee aliiacha injini iungurume dakika moja turbo ipoe, maana ndivyo mpango unavyosema. Akaizima, akazunguka, akamfungulia mke wake mlango. Shemeji alikaa vile vile. Aliiangalia nyumba, akaiangalia barabara tuliyotoka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Sishuki," alisema. "Nirudishe chini tupande tena."

Safari ya pili haikuwa imepangwa. Mzee Makadirio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuuliza mafuta yangetoka fungu lipi. Sisi wa nyuma tuliamriwa kushuka, tukaachwa pale tukilinda tangi la maji. Tukasikia ile ekzosi ikiteremka mlima, ikanyamaza kidogo kule chini, kisha ikaanza kupanda.

Mzee wetu, asante kwa mabasi yaliyofika, kwa mishahara iliyotoka kwa wakati, na kwa kutufundisha kuwaza kabla ya kununua, somo ambalo baadhi yetu tumelipata kwa kuchelewa. Tunawaombea wewe na shemeji afya, magoti yenye amani na miaka mingi ya raha kule juu. Na akitaka kupanda mara ya tatu, mpandishe.

Mtunza stoo,
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa karakana